Aliyeitika kwa Jina la Dada Yake

Wanangu, kabla sijasema lolote, mjue kwamba mimi ni mwoga. Simwogopi nyoka, wala giza halinisumbui. Ninaogopa karatasi. Nilikaa nyuma ya dirisha la karani katika mahakama moja ya kaunti, upande wa Mesquite, hapa Texas, miaka ishirini na ushee, nikipokea tiketi za barabarani na kuwatafutia watu kesi zao, na sikumbuki asubuhi hata moja niliyoegesha gari pale nikashuka papo hapo. Watu wakiniona na miwani yangu na beji shingoni walidhani nina roho ngumu. Thubutu! Kila fomu niliisoma mara tatu kabla ya kuigusa kwa kalamu.

Sasa nimestaafu, na nyinyi mmeniganda kwenye kundi letu la simu. Kila wiki mmoja anatuma picha ya tiketi, imekunjwa, nusu ina kivuli cha kidole, halafu anaandika, "Bi Zuhura, hii nifanyeje?" Hata salamu hakuna. Haya basi, nitawaandikia yote kwa mpigo. Ila nitaandika kwa mtindo wangu, na asiye na subira akapike.

Ukipewa tiketi, usiisome kuanzia chini kwenye faini. Soma juu kabisa, pale palipoandikwa ni mahakama ipi. Askari wa mji anakupeleka mahakama ya mji, askari wa kaunti anakupeleka kwetu, na kaunti ziko nyingi. Nimewahi kumpokea baba mzima kutoka Cedar Hill, suti na tai, amekaa foleni saa mbili na tiketi aliyopewa Houston. Nilipomwambia si hapa, akanijibu, "Mama, kwani si Texas hii hii?" Nikamwambia Texas hii inaimeza Kenya nzima na inabaki na njaa. Hakucheka. Alikuwa ameshaomba ruhusa kazini.

La pili ni hili la mtandao, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu limenitia doa ambalo halijatoka. Tiketi haionekani kwenye kompyuta siku ile ile. Askari anaweza kuipeleka baada ya siku kadhaa, na karani naye ana mrundo wake wa kuingiza. Nyinyi mnatafuta kesho yake, hamwoni kitu, mnaandika "Mungu mkubwa, wamesahau," na wenzenu wanaweka vikopa vyekundu vya moyo. Hawajasahau. Hawasahau hata siku moja.

Aliyenifundisha kutafuta ni Bi Loretta, mama mweusi wa hapa hapa Dallas, mrefu, sauti nzito, ambaye alikuwa msimamizi wetu tangu naanza mpaka karibu nastaafu. Nilimkuta na masanduku ya kadi, kadi moja kwa kila tiketi, na vidole vyake vilipita juu ya kadi zile upesi kuliko kompyuta waliyotuletea baadaye. Alinionyesha kutafuta kwa jina, kisha kuligeuza jina la mwisho liwe la kwanza, kisha kuacha jina kabisa na kutafuta kwa tarehe ya kuzaliwa na namba ya leseni. Na akanipa masharti mawili. La kwanza, usimwambie mtu "hakuna," mwambie "sijaiona leo." La pili, sisi makarani tunawaonyesha watu milango iko wapi, lakini hatuwaambii waingie upi, kwa sababu hiyo ni kazi ya wakili na sisi si mawakili.

Sharti la kwanza nililivunja mwaka wangu wa pili. Baba mmoja Mkongomani, anaishi Sharpstown kule Houston, alipigwa tiketi kwetu akiwa amekuja kumzika ndugu yake. Akapiga simu. Aliposikia lafudhi yangu akafurahi sana, akaanza Kiswahili. "Maman, angalia muzuri, hakuna kitu?" Nikatafuta, sikuona. Na kwa ile furaha ya kusikia lugha yangu kwenye simu ya ofisi, nikamwambia, "Hakuna baba, nenda kwa amani." Tiketi yake iliingizwa siku nne baadaye. Hakuja, maana mimi nilimwambia hakuna. Ikatoka hati ya kumkamata. Wakamsimamisha barabarani akiwapeleka watoto shule, wakamfunga pingu watoto wakitazama. Mkewe ndiye aliyenipigia. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama mimi ndiye yule mama wa Kiswahili, nami nikasema ndiyo, naye akakata simu.  Tangu siku ile nikimsikia mtu anaongea lugha yetu pale mahakamani, nilikuwa naogopa mara mbili.

Basi, sasa niwaambie kisa nilichokaa kuwaambia.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, siku ya walioitwa. Walikaa kwenye mabenchi, mimi nikawaita mmoja mmoja waje dirishani. Nikaita jina la mwanamke mmoja, jina la Kiluhya. Hapa nitamwita Nekesa, na jina hilo silo lake. Akanyanyuka binti mdogo mdogo, akaitika "Present!" kwa sauti ya bwenini, akaja na leseni mkononi. Kosa lilikuwa la mwendo kasi, na aliomba kile ambacho wengi huomba: kufanya kozi ya udereva salama ili kesi ifutwe. Nikatazama picha kwenye leseni, nikamtazama yeye. Nyusi zile zile, shavu lile lile. Nikampa fomu.

Ile fomu, wanangu, ni kiapo. Unanyanyua mkono wa kulia mbele ya karani na unaapa kwamba wewe ndiye mwenye kesi, na kwamba katika miezi kumi na miwili iliyopita hujafanya kozi kama hiyo kufuta kesi nyingine. Halafu unatia saini, na mimi natia yangu chini ya yako.

Simu yake ikalia. Akaipokea hapo hapo, amenipa bega, na akaongea Kiswahili bila hata kupunguza sauti. Beji yangu ilikuwa na jina la ukoo tu, nalo ni la marehemu mume wangu, Mmarekani. Kwa binti yule mimi nilikuwa mama wa hapa hapa.

"Dada, wameita, nimesema present. Sasa huyu mama amenipea form ya kuapa. Ni-sign jina lako ama langu?" Akasikiliza. "Sawa, lako. Na ile file yangu ya immigration, haitaguzwa? ... Uko sure? ... Ai, huyu hawezi jua. Ananiangalia tu na miwani."

Jamani. 

Ngojeni niwaeleze, maana wengine mmezaliwa hapa na mtashangaa. Kwetu kumtuma mdogo wako akuwakilishe si kosa. Kikao cha harusi huwezi kufika, unamtuma mdogo wako. Mkutano wa shule ya mtoto, unamtuma. Msibani, anasimama anasema "nimekuja kwa niaba ya dada," na watu wanamshukuru kana kwamba dada mwenyewe amefika. Hata jina lako likiitwa, anaitika yeye, nani atauliza? Binti yule hakuwa mwongo. Alikuwa mdogo mtu, ametumwa, ameenda. Pale dirishani pangu, hilo hilo lilikuwa kuapa uongo kwa jina la mtu mwingine. Na kwa mtu ambaye karatasi zake za ukaazi bado zinasubiri mezani kwa watu wa uhamiaji, kosa la kudanganya chini ya kiapo linaweza kumrudisha kwao moja kwa moja.

Nifanye nini? Kumwita askari, maana askari alisimama hatua sita kutoka kwangu, ndiyo ilikuwa sheria ya kazi. Binti angetolewa na pingu. Kumwacha atie saini, ningekuwa nimetia saini yangu chini ya uongo ninaoujua. Kumwonya, kamera ilikuwa juu ya kichwa changu na kinasa sauti chini yake, na kazi yangu ndiyo iliyokuwa bima ya hospitali ya mume wangu, ambaye wakati ule alikuwa mgonjwa. Kila upande niliogopa.

Nikafanya kile mwoga anachofanya. Nikasema kwa Kiingereza, "Kompyuta imeganda, keti kidogo." Nikaenda kwenye kabati la nyuma, nikafungua droo, nikajifanya natafuta karatasi. Nilisoma kila dua niliyofundishwa utotoni Morogoro, na nyingine nikazichanganya. Nikamkumbuka yule baba wa Sharpstown. Yule nilimwumiza kwa kusema. Huyu nitamwumiza kwa kunyamaza? Niliifunga ile droo na kidole changu ndani yake, na yale maumivu ndiyo yaliyonizindua.

Niliporudi alikuwa ameshasimama dirishani, kalamu mkononi, ananiuliza kwa Kiingereza kama anyanyue mkono sasa. Na akaanza kuunyanyua.

Nikasema, kwa Kiswahili, chini ya kamera, "Binti, shusha huo mkono."

 Kalamu ikaanguka. "Mum... kumbe wewe ni wa nyumbani?"

"Shusha mkono. Chukua leseni ya dada yako, toka nje polepole, usikimbie. Mwambie aje yeye mwenyewe kabla ya saa sita."

"Dada yuko job, Mum, ako na double shift. Haki sikujua ni makosa, nilitumwa tu..."

"Najua umetumwa. Toka, mwanangu."

Akatoka. Askari alimtazama akipita, kisha akanitazama mimi. Nilijifanya napanga mafaili. Bi Loretta alikuwa dirisha la pili, na alikuwa ameacha kuandika. Akasogea mpaka karibu na sikio langu.

"Umemwonyesha mlango wa kuingia?" akauliza.

"Nimemwonyesha wa kutokea," nikasema. 

Akaitazama kamera, akanitazama, akatazama kidole changu kilichovimba. "Wakija kuniuliza," akasema, "mimi lugha yenu siijui." Akarudi kwenye kiti chake. Hakulizungumza tena mpaka leo, na mimi niliishi miezi nikingoja mtu aje na ile kanda ya kamera.

Hazikupita dakika tano. Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke amevaa nguo za hospitali, za bluu, ufunguo wa gari mkononi. Sikuhitaji leseni. Zile nyusi. Akaja moja kwa moja dirishani na kunivamia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini lakini kali.

"Ni wewe umetisha mdogo wangu? Amenipigia akilia mpaka hawezi ongea. Si ungemwacha tu a-sign, tumalize?"

Mimi nikamjibu kwa Kiingereza, maana sharti la pili nilikuwa nimeshalivunja asubuhi ile na ilitosha. Nikamwambia karibu, hii hapa fomu, soma, kisha nyanyua mkono wa kulia. Akachukua fomu kwa hasira. Akaandika jina. Akaandika anwani. Akafika pale kwenye swali la kozi, miezi kumi na miwili, na kalamu ikasimama.

Nilikuwa nimeshafungua rekodi yake. Kabla ya kuhamia Cedar Hill alikuwa akiishi Houston, na huko Houston alipigwa tiketi miezi kumi nyuma, akafanya kozi ile ile, kesi ikafutwa. Kisheria hakuweza kuiomba tena. Na mtu akishaapa, hutakiwa kuleta rekodi yake ya udereva baadaye, na kozi ya Houston ingeonekana mle peupe. Wangetoa kiapo kwenye faili, wangeona ni cha uongo, wangetazama kanda wamwone aliyenyanyua mkono. Wangemkuta mdogo mtu.

Kalamu ilikuwa bado imesimama. Nikatazama saa. Beji ya kifuani ilionyesha kwamba hospitali anayofanyia kazi iko huko huko Cedar Hill, na kutoka kule mpaka kwetu, hata barabara ikiwa nyeupe, ni nusu saa na zaidi. Nikasahau Kiingereza chote.

"Umefikaje upesi hivi?"

Akageuka akautazama mlango.

"Nekesa. Ulikuwa wapi?"

"Kwa gari," akasema.

"Gari gani?"

"Langu. Hapo parking." Machozi yakaanza. "Nimekuwa hapo tangu asubuhi, yeye hajui."

"Na hili swali ulikuwa unalijua?"

"Nilisoma kwa website. Nikaogopa kuapa. Mimi ni nesi, Mum, nikipoteza leseni yangu ya kazi nani atanishika? Mimi ndiye namsomesha. Nikianguka tumeanguka wote."

"Na yeye hakulijua."

"Hakulijua."

Wanangu, nimewaambia mimi ni mwoga. Siku ile, kwa dakika moja hivi, uoga ulinitoka wote. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Nilitaka kupitisha mkono kwenye lile tundu la dirisha nimkamate kola. Mtoto wa mama yako! Umemvika nguo zako, umempa leseni yako, umemwambia una shifti, umelaza kiti cha gari ukamsikiliza kwenye simu akikuuliza kama file lake litaguswa, ukamwambia haliguswi!

Sikusema hata moja ya hayo. Nilisema tu, "Unaapa au huapi?"

Mkono wake ulibaki mezani. Akasema, "Siapi."

Alikwenda mbele ya hakimu, akakubali kosa, akapewa muda wa kulipa faini. Dakika tatu zilitosha. Leseni yake ya unesi hakuna aliyeigusa, maana tiketi ya mwendo kasi ilikuwa tiketi ya mwendo kasi tu. Kama angeuliza mtu anayejua angeambiwa hivyo, lakini aliona aibu kuuliza. Akipita dirishani kwangu akitoka alisimama kidogo. "Mum, tafadhali, usimwambie."

"Si kazi yangu," nikamjibu.

Na sikusema. Hii ndiyo sehemu inayonikosesha raha. Miaka imepita, yule mdogo mtu amemaliza chuo, amepata karatasi zake, yumo kwenye kundi letu. Ananiita Mum mpaka leo. Mwezi uliopita, kwenye siku ya kuzaliwa ya dada yake, aliandika maneno marefu mazuri: jinsi dada alivyojitesa kwa ajili yake, shifti juu ya shifti, hata siku ya mahakama hakuweza kupata ruhusa mpaka mambo yalipoharibika. Nyote mliweka vikopa. Mimi nilizima simu nikaiweka juu ya friji.

Jioni ile ile Nekesa akanipigia. Alikuwa analia. "Siwezi kuendelea kusoma hizi sifa," akasema. "Mum, mwambie wewe. Wewe unajua kuongea. Mwambie kwa niaba yangu."

Nikamwambia, "Unanituma?"

Akapenga kamasi. Kisha akasema atampigia mwenyewe Jumapili. Jumapili ikapita. Akasema Jumapili ijayo. Nimempa Jumapili tatu, nimehesabu, na jana alipopiga alikuwa na sababu ya nne.

Nekesa, nisamehe. Na nyinyi wengine, za tiketi nimeshawaambia: soma juu, usitafute mapema, usiogope kuuliza, na mkono wako unyanyue kwa jambo lako tu.

Sasa wewe, uliyeniambia "present." Umeshajijua toka mistari ya katikati. Usinipigie mimi, sitapokea, naogopa. Nenda kwa dada yako leo, nenda mwenyewe, usimtume mtu. Usimpigie kelele. Keti naye, umshike mkono, umwache aseme yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, siku ile gari lake lilikuwa limeegeshwa wapi.